Norwei wanakata miti kila mwaka na msitu unazidi kuongezeka, wanafanyaje?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mafinga, anasema baba yake ana ekari 12 za misindano, yeye mwenyewe kasoma misitu ngazi ya diploma, na kauliza hivi (nimefupisha): "Nimesikia Norwei wanavuna miti kila mwaka lakini msitu wao umeongezeka mara tatu, na kwenye kilimo wana tafiti za mazingira mpaka za mfereji wa shambani. Ni kweli au ni propaganda za wazungu? Na kama kweli, sisi tunakosea wapi, ni mbegu, ni mashine au ni hela?"

Dada yangu, shikamoo ya baba uifikishe kwanza. Ni kweli kabisa, ila sio mbegu wala mashine. Hela ipo ndani lakini sio kwa namna unayoifikiria. Mimi nilikaa Ås miaka miwili, ule mji mdogo kusini mwa Oslo ambako ndo kuna chuo kikuu chao cha mambo ya kilimo na misitu, kinaitwa NMBU, kilianza 1859 kama shule ya kilimo, na pembeni yake ndo makao makuu ya taasisi ya utafiti inaitwa NIBIO. Hiyo NIBIO ni changa kwa jina tu, iliundwa Julai 2015 kwa kuunganisha taasisi tatu, ya mazingira na kilimo, ya misitu, na ya uchumi wa kilimo. Zingatia hapo kwenye uchumi, maana wale wanaopima miti na wale wanaopiga hesabu za mfuko wa mkulima wanakaa nyumba moja, na mengi nitakayokueleza yanatokea hapo.

Tuanze na huo msitu. Wasikudanganye kwamba hawa jamaa walizaliwa wanapenda miti, walikata vibaya mno. Kuanzia miaka ya 1500 na 1600 mbao zao zilikuwa zinaenda Uholanzi na Uingereza kwa meli, migodi nayo ikala msitu kwa mkaa na kuni, fedha ya Kongsberg tangu 1623, shaba ya Røros tangu 1644, mpaka mlima wa Røros ukabaki upara. Kufika mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuogopa kwamba miti inaisha, na hapo wengi wangefanya semina na kutoa tamko. Wao mwaka 1919 wakaanza kupima nchi nzima. Walikuwa wa kwanza duniani kufanya sensa ya misitu ya nchi kwa sampuli, na hawakuacha, mwaka 2019 sensa hiyo ilitimiza miaka 100.

Sensa ya kwanza iliwaonyesha wana kama mita za ujazo milioni 300 za miti iliyosimama. Leo wanakaribia bilioni 1. Kila mwaka msitu unakua kama mita za ujazo milioni 25 hivi, na wanachokata kuuza ni kama milioni 11 au 12. Ukitoa kidogo kuliko unachoingiza akaunti inapanda, hesabu ya duka tu hiyo.

Sasa nikuonyeshe wanavyopima maana hapa ndo penyewe. Wameigawa nchi kwa gridi, katika eneo kubwa la msitu wenye tija kuna ploti moja kila kilomita 3 kwa 3. Ploti yenyewe ni duara la nusu kipenyo mita 8.92, yaani mita za mraba 250, na tangu 1986 ploti ni za kudumu, zinarudiwa kila baada ya miaka mitano, moja ya tano ya ploti kila mwaka, kwahiyo hakuna mwaka ambao hawako msituni. Kila mti wenye kipenyo cha sentimita 5 kwenda juu unapimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na unakuwa na kumbukumbu yake, umbali kutoka katikati na upande uliopo, kwahiyo miaka mitano baadaye wanaurudia mti uleule. Na mahali ploti zilipo ni siri! Mwenye msitu asijue, maana akijua ataitunza ile sehemu kama bustani au ataiacha asiikate, na hapo namba zote zinakuwa za uongo. Mimi hiyo ya siri ilinifurahisha kuliko kompyuta zao zote, ni watu wanaojijua tabia.

Wakati wa mazoezi tulipelekwa kwenye msitu wa chuo, mwezi wa sita, mbu wale wa kaskazini usiombe, wanatoka kwenye majani kama moshi. Tulipewa kalipa (kifaa cha taya mbili cha kubana shina na kusoma kipenyo), tepu na fomu, tukawa watatu, mmoja anapima, mmoja anaandika, mmoja anasoma umbali. Mimi nikapima sprusi mmoja (mti wa jamii moja na misindano) nikasema sentimita 21.4, fundi mzee aliyekuwa anatusimamia akaja akapima akapata 21.1, hakunigombeza, akauliza tu umeshika kalipa kuelekea wapi. Kumbe mti hauko duara kamili, ukishika kalipa upande tofauti unapata namba tofauti, na mti wenyewe kwa hali ya hewa yao unaweza kuongezeka milimita 2 au 3 tu kwa mwaka, kwahiyo hiyo tofauti yangu ilikuwa ni ukuaji wa mwaka mzima! Ndo wakatufundisha kwamba kalipa inashikwa upande uleule kila mara, kwa kuelekeza katikati ya ploti. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema msitu wetu umeongezeka asilimia kadhaa huwa nauliza kwanza alishika kalipa upande gani.

Haya, msitu uliongezeka kwa sababu gani? Hapa kuna watu wanapenda kusema ni sayansi, lakini sababu ziko kadhaa na nyingine ni za bahati tu. Watu waliacha kupeleka mifugo kule milimani majira ya joto kama zamani, kuni zikaachwa kwa kuwa kuna umeme, sehemu zilizokuwa malisho zikajiotea miti zenyewe. Halafu baada ya vita ya pili wakapanda kwelikweli, miaka ya 1960 walifika karibu miche milioni 100 kwa mwaka, watoto wa shule wa pwani ya magharibi walikuwa wanapelekwa kupanda. Miti ile ndo inavunwa siku hizi. Aliyepanda akiwa darasa la nne sasa ni babu.

Na sio kila kitu walichopanda walipatia. Kule pwani walileta mti wa Amerika ya Kaskazini, sprusi wa Sitka, unakua haraka na unavumilia upepo wa bahari, wataalamu wakausifu sana wakati huo. Leo uko kwenye orodha ya viumbe vamizi hatari vya Norwei, mbegu zake zinasambaa zinafunika nyika za pwani ambazo zilitunzwa kwa moto na kondoo kwa maelfu ya miaka, na kuna watu wanalipwa kwenda kuikata miti ileile ambayo serikali iliyotangulia ililipia kuipanda. Nakutajia hili makusudi maana huku kwetu mtu akisema "utafiti wa Ulaya umethibitisha" tunafunga mjadala.

Swali lako la hela sasa. Norwei msitu mwingi ni wa watu binafsi, wamiliki ni zaidi ya laki moja, wengine wana eneo dogo tu la kurithi. Utawafanyaje watu laki moja wapande tena baada ya kukata, wakati mti utakaopandwa leo atauvuna mjukuu? Sheria yao ya misitu ya 2005 na kanuni zake inasema ukikata lazima msitu mpya uwe umeshughulikiwa ndani ya miaka mitatu, lakini sheria peke yake unajua inavyoishia. Kuna kitu wanaita skogfond, mfuko wa msitu. Ukiuza magogo, kati ya asilimia 4 na 40 ya mauzo inakatwa palepale kabla hujaigusa, wewe unachagua kiasi ndani ya hapo, inakwenda kwenye akaunti. Na akaunti hiyo sio yako, ni ya msitu! Ukiuza shamba akaunti inaenda na shamba, ukifa anairithi anayerithi shamba. Huwezi kuitoa ukajengee nyumba wala kulipia harusi, inatoka kwa kazi za msitu tu, kununua miche, kupalilia, kupunguzia miti michanga, barabara ya msituni. Na ukiitumia kwa kazi hizo, asilimia 85 ya hela hiyo haihesabiwi kwenye kodi. Riba haupewi, inaenda kwenye shughuli za pamoja za sekta. Alafu halmashauri ina mtu wake wa misitu, anachagua baadhi ya maeneo yaliyovunwa miaka kadhaa nyuma anaenda kuangalia kama kweli kumeota.

Kwahiyo ukiniuliza mnakosea wapi, mimi naona ni hapa. Mafinga na Njombe unajua mwenyewe, dalali anakuja misindano ina miaka 8 au 9, kuna ada ya shule, mzee anauza shamba zima likiwa bado bichi, hela inaisha mwezi wa pili, shamba linakaa na visiki miaka mitatu mpaka apatikane mtoto wa kutuma miche. Sio ujinga huo, ni kwamba hakuna sehemu ambayo hela ya msitu inakaa peke yake.

Wadudu nitapita haraka ila kuna kisa kimoja lazima nikisimulie. Miaka ya 1970 dhoruba ziliangusha miti mingi kusini, zikafuatia kiangazi kavu, na mbawakavu mdogo wa magome ya miti, urefu wake kama milimita 5, akalipuka kwa idadi. Huyu anaingia chini ya gome la sprusi, dume akipata mti mzuri anatoa harufu ya kuwaita wenzake, wanakuja kwa maelfu mpaka mti unashindwa kujitetea unakauka. Kabla hajaisha alikuwa ameua kama mita za ujazo milioni 5 za sprusi. Wanasayansi wakaitengeneza ile harufu maabara, na mwaka 1979 wakatundika mitego kama 600,000 msituni, mabomba meusi ya plastiki yenye matundu na kijipakiti cha harufu ndani. Mwaka ule peke yake walinasa karibu mbawakavu bilioni 3! Mlipuko ukapungua mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mpaka leo wanabishana kama ilikuwa ni mitego au hali ya hewa ilibadilika tu. Ila mitego hawakuiacha, kila mwaka tangu 1979 wanatega wachache wanahesabu, sio kumuua bali kujua idadi yake inapanda au inashuka, maana joto likiongezeka mdudu ambaye alikuwa anazaa kizazi kimoja kwa mwaka anaweza kuzaa viwili. Kiangazi cha 2018 kilipokuwa kikavu kupita kiasi, wafugaji wakakosa nyasi mpaka za kuagiza Iceland, watu wa misitu tayari walikuwa na mstari wa miaka karibu 40 wa kulinganishia.

Sasa kilimo, na huo mfereji uliousikia. Ni kweli upo, na mimi nimeusimamia pale kwa miguu yangu. Ardhi inayolimika Norwei ni kama asilimia 3 tu ya nchi, iliyobaki ni mlima, msitu na mawe, na mashamba mazuri ya nafaka ya mashariki yako juu ya udongo wa mfinyanzi ambao zamani ulikuwa chini ya bahari. Ule udongo ukilimwa vuli (kwao ni kabla ya baridi kuanza) ukaachwa wazi, unaganda, unayeyuka, unaganda tena, alafu theluji ikiyeyuka mwezi wa nne maji hayana pa kuingia maana chini bado barafu, yanaserereka juu na kubeba udongo wenye fosforasi (kirutubisho cha mbolea) mpaka mtoni na mwisho Oslofjord, ghuba ya bahari inayofika Oslo. Huko mwisho mwani unaota, oksijeni inaisha, na samaki anayeitwa cod ameporomoka kiasi kwamba 2019 walipiga marufuku kumvua.

Tangu 1992 wana programu inaitwa JOVA, wamechagua vijito vidogo vinavyopita kwenye mashamba sehemu mbalimbali za nchi, kila kimoja kina kituo cha kupima. Cha Skuterud kiko pale Ås. Ukifika unaona kibanda kidogo cha kawaida sana, maji yanapita kwenye kizingiti cha zege ili ijulikane kiasi kinachopita, na mashine inavuta sampuli kidogokidogo kulingana na wingi wa maji, mto ukijaa inavuta mara nyingi, ukipungua inavuta kidogo, zinachanganywa kwenye chupa moja ya takribani wiki mbili na kupelekwa maabara. Siku niliyoenda mimi ilikuwa mwezi wa nne, maji yana rangi ya chai ya maziwa kabisa, na mtaalamu akainua chupa akaonyesha shamba la juu akasema hiyo ni ya kule. Na cha muhimu, wakulima wa bonde lile wanatoa taarifa zao za kila mwaka, wamelima lini, wameweka mbolea kiasi gani, wamepanda nini, kwahiyo maji ya chupa yanalinganishwa na jembe la mtu.

Majibu ya tafiti za namna hiyo ndo yaliyozaa ruzuku ya kutolima vuli. Mkulima anaacha mabua ya ngano yasimame msimu wote wa baridi, analima masika, na analipwa kwa eneo, pakubwa zaidi pale ambapo ramani ya mmomonyoko inaonyesha hatari ni kubwa. Maeneo ya kuzunguka Oslofjord sasa hivi kuna masharti ya lazima, sio hiari tena. Na kwa udongo unaobebwa, mabua yanafanya kazi, hilo halina ubishi.

Lakini sikiliza hapa maana ndo sehemu ambayo vipeperushi huwa haviandiki. Mabua yakibaki juu, kuvu wa Fusarium wanabaki nayo, msimu unaofuata wanaingia kwenye nafaka, hasa oti, na kuleta sumukuvu (unaijua hiyo, huku tunapambana nayo kwenye mahindi na karanga). Kiwanda kinakataa mzigo au kinashusha bei. Magugu nayo yanapenda shamba lisilolimwa, kwahiyo mkulima anaongeza glifoseti, dawa ya kuua magugu, ambayo watu wa mazingira walewale waliomwambia asilime wanamkasirikia kwa kuitumia. Na majani mabichi yaliyobaki shambani yakigandishwa na baridi yanapasuka na kuachia fosforasi iliyoyeyuka, ambayo mwani unaila moja kwa moja. Kwahiyo umepunguza udongo mtoni, umeongeza sumukuvu ghalani, na fosforasi iliyoyeyuka inaweza kupanda. Mkulima mmoja jirani na chuo alituambia anawaheshimu watafiti ila anatamani waje kwanza wakubaliane wenyewe kwa wenyewe alafu ndo wamfuate, na darasa zima lilicheka isipokuwa profesa.

Hata kwenye misitu ugomvi ni huohuo. Ujazo umeongezeka mara tatu, sawa, lakini karibu nusu ya viumbe vilivyo hatarini Norwei vinaishi msituni, na vingi vinataka msitu mzee wenye miti iliyokufa na magogo yanayooza, sio sprusi wa umri mmoja waliopangwa kama askari. Sensa ya ujazo inasema mambo ni mazuri, orodha ya viumbe inasema sio, na zote mbili ni kweli. Walichofanya ni kumwachia mwenye msitu alete mwenyewe eneo lake lihifadhiwe kwa hiari na alipwe fidia, zamani serikali ilikuwa inachora ramani na kumletea barua, ikawa vita. Bunge liliweka lengo la asilimia 10 ya msitu mwaka 2016, hawajafika hata karibu, ila ugomvi umepungua sana.

Na usifikiri haya ni ya mbali na sisi. Idara ya misitu pale Morogoro ilijengwa kwa msaada wa Norwei tangu miaka ya 1970, kabla SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) haijawa SUA mwaka 1984, na walimu wengi walionifundisha mimi walipitia Ås. Tanzania nayo tulipima nchi nzima, NAFORMA ya 2009 hadi 2014, kwa msaada wa Ufini na FAO, ikatoka hekta milioni 48.1 za misitu ya aina zote, na baadhi ya ploti ziliwekwa ziwe za kudumu. Kazi nzuri mno ile. Shida ya ploti ya kudumu ni kwamba thamani yake inaanza siku unayorudi mara ya pili.

Kwahiyo kwa ekari 12 za baba, usisubiri wizara. Chagua ploti 6, usichague miti mizuri, chora shamba kwenye karatasi weka alama kwa mpangilio wa gridi alafu uende pale alama ilipoangukia hata kama ni kwenye kichaka. Chimbia kipande cha nondo katikati, kamba ya mita 8.92, zungusha. Kama ni mteremko mkali kamba ishikwe mlalo, sio kufuata ardhi, ukifuata ardhi duara linakuwa dogo kuliko unavyodhani. Piga mstari wa rangi kwenye kila mti urefu wa mita 1.3, upime hapohapo kila mwaka mwezi uleule, kwa tepu ya kuzungushia ili usipate shida yangu ya kalipa, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Mzee usimwambie nondo ziko wapi, samahani lakini ndo utaratibu. Ukiwa na miaka mitatu ya namba, dalali akija na bei yake utamwonyesha miti inaongezeka kiasi gani kwa mwaka na mzee ataona mwenyewe anachopoteza akiuza mwaka wa nane. Na siku mkiuza, asilimia 10 iende akaunti tofauti ya shamba yenye saini mbili, yako na ya mzee, kabla wajomba hawajapiga simu.

Andika kwa penseli, sio kalamu ya wino. Mafinga ukungu wa asubuhi utakulowanisha daftari na wino utasambaa, penseli inabaki.